Kubadilisha maji ya chumvi ya tangi la samaki bila kubeba ndoo

Mgongo wangu ulichoshwa na ndoo. Sasa natumia pipa la plastiki la lita 60, lililowahi kutiwa chakula tu. Nimelitoboa karibu na kitako, nikafunga koki ya plastiki na washa za mpira. Koki ya shaba usiiguse: shaba huua kamba na matumbawe.

Pipa likae juu kuliko tangi. Changanya chumvi usiku, pampu ndogo ikizungusha maji hadi asubuhi. Kipimo cha chumvi (huonyesha uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) kisome 1.025, joto lilingane na la tangi.

Zima hita. Bandika utepe kwenye kioo, nyonya maji machafu kwa mpira hadi hapo, kisha fungua koki. Usiende kuchemsha chai. Mimi nilienda, sebule ikafurika.