Intavyuu ya chuo cha Marekani ukiwa Arua, anza na saa

Wadogo zangu wa S.6 (kidato cha sita hapa Uganda) mlioaplai Marekani, mimi niliangukia kwenye saa. Niliandikiwa intavyuu ni 2 PM Eastern, yaani saa za New York, mwezi wa 12, nikasoma saa nane mchana, nikavaa shati la shule nikakaa mbele ya laptopu ya mjomba mpaka jasho likakauka, hakuna mtu, nikajua basi wamenikataa. Kumbe New York ilikuwa bado saa kumi na mbili asubuhi! Saa aliyoandika yule mzee wa kunihoji kwetu ni saa nne usiku. Kuanzia mwanzo wa Novemba mpaka Machi wako nyuma yetu masaa nane, miezi mingine saba, maana wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Ukijibu imeli andika saa zote mbili, ya kwao na ya kwetu, kama umekosea akusahihishe mapema.

Vyuo kama Harvard na Princeton wao ndo wanakutafuta, na anayekuandikia mara nyingi ni mtu aliyesoma hapo zamani, anajitolea tu. Angalia imeli kila siku, hadi kwenye spam. Kama uko bodingi unafanya UACE, mtihani wa mwisho wa S.6, na simu hamruhusiwi, mwachie dada paswedi. Usipoitwa usilie, hawana watu kila mahali na wanasema haikupunguzii kitu.

Sasa mazungumzo yenyewe. Mara nyingi huyo mtu hajaona maksi zako, na hakuja kuzitafuta, anataka kukujua wewe. Shida yetu tumelelewa ukiongea na mkubwa unainamisha macho, unasema ndio mzee, unanyamaza, na kujisifu ni aibu. Nyumbani hiyo ni adabu, kwenye video anaona mtoto hana la kusema. Sisemi ujisifu, we simulia. Badala ya "mimi ni mchapakazi" mwambie unavyomsaidia mama kuuza nyanya sokoni, ukaanzisha daftari la wadeni, na nani aligombana na nani siku daftari lilipofunguliwa. Tafuta visa vitatu vinne vya hivyo, kila kimoja kiandikie neno moja kwenye karatasi. Usikariri sentensi, kukariri tumezoea sana na macho yakianza kusoma ukutani anaona.

Atakuuliza kwa nini chuo chao. Usiseme ni maarufu, anajua. Ingia tovuti yao utafute kozi moja au maabara moja inayogusa kitu unachofanya tayari. Skolashipu usimwombe, hiyo ina ofisi yake, yeye anaandika ripoti tu.

Fanya mazoezi kwa sauti, mwalimu wa GP (General Paper) anafaa sana kwa sababu anapenda kubisha.

Siku yenyewe chaji laptopu na simu zote mapema, umeme unajua tabia yake, deta iwe kwenye laini mbili, MTN na Airtel, na mama asikae pembeni anakunong'oneza majibu (najua anakupenda).

Mwishoni atasema una maswali? Hapo usiseme hapana! Muulize kitu ambacho tovuti haina. Mimi nilimuuliza baridi ya kwanza aliivumilia vipi, akacheka, akaanza kunihadithia soksi alizovaa tatu tatu, na mimi nikamwambia ile ya saa nane mchana, tukapitiliza dakika ishirini. Kesho yake nikamwandikia asante, sentensi tatu tu, na soksi nikazitaja.