Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanasaikolojia wa Watoto au wa Motisha

Kabla ya kukusanya tarehe, vyuo na tuzo, mwandishi wa wasifu wa mwanasaikolojia anapaswa kujibu swali moja: ni jambo gani lililomshughulisha mtaalamu huyu kuliko mengine, na alikutana nalo wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kipi kiingie na kipi kiachwe.

Tumchukue Jean Piaget, aliyezaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1918, ilikuwa ya sayansi ya maumbile, na tasnifu yake ilihusu moluska, wala si watoto. Baadaye alikwenda Paris, ambako alipewa kazi ya kusanifisha maswali ya kupima akili kwa wanafunzi wadogo. Kazi yenyewe ilihitaji kuhesabu majibu sahihi, lakini Piaget alivutiwa zaidi na majibu yasiyo sahihi, kwa kuwa aliona kwamba watoto wa umri unaokaribiana hukosea kwa namna inayofanana, jambo lililoashiria kuwa fikra za mtoto zina mantiki yake. Wasifu wake unaweza kuanzia hapo. Kuzaliwa kwake, pamoja na taarifa fupi kuhusu shomoro aliyoichapisha akiwa bado mtoto, vinaweza kufuata baadaye kama ushahidi wa jicho lililozoea kuchunguza viumbe. Usisahau pia kueleza kuwa sehemu kubwa ya uchunguzi wake wa watoto wachanga ilitokana na watoto wake watatu, kwa sababu huko ndiko kuliko na undani wa kazi yake na vilevile udhaifu wake.

Kishawishi kikubwa katika fani hii ni kuifanya nadharia kuwa zao la utoto wa mwenye nadharia. John Bowlby, aliyezaliwa London mwaka 1907, alilelewa zaidi na yaya, na yaya huyo aliondoka Bowlby akiwa bado mdogo. Ni rahisi mno kuandika kwamba ndiyo maana alitafiti athari za mtoto kutenganishwa na mlezi wake. Huenda kuna ukweli ndani yake, ila hauthibitishiki, na sentensi moja inautosha. Aya nzima ziende kwenye yale yanayothibitishika: kazi yake na watoto wenye matatizo ya tabia, uchunguzi wake kuhusu watoto 44 walioshutumiwa kwa wizi uliochapishwa mwaka 1944, ripoti aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, na mawazo aliyoyapata kwa wachunguzi wa tabia za wanyama.

Tafuta pia watu waliofanya kazi kando ya mhusika, hasa wanawake, ambao aghalabu hutajwa kwa kupita tu. Mary Ainsworth alifanya kazi na Bowlby jijini London, kisha mwaka 1954 akaenda Uganda kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi Kampala. Huko alizitembelea familia 26 nyumbani kwao na kuchunguza uhusiano wa watoto wachanga na mama zao, uchunguzi aliouchapisha kama kitabu mwaka 1967. Ukimwandika Bowlby bila Ainsworth, nadharia yake kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi itabaki bila ushahidi wake muhimu. Hali kadhalika, utafiti wa wanasesere, ambamo watoto weusi waliulizwa wanampendelea mwanasesere mweusi au mweupe, uliotajwa katika kesi ya mwaka 1954 ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu ubaguzi shuleni ulichipuka katika tasnifu ya uzamili ya Mamie Phipps Clark, ingawa mumewe, Kenneth, ndiye aliyevuma zaidi.

Kwa wataalamu wa motisha, tahadhari ya kwanza ni kusoma maandishi yao ya asili, maana mitaala ya biashara na mafunzo ya uongozi imeyarahisisha kupita kiasi. Abraham Maslow alichapisha makala yake kuhusu ngazi za mahitaji ya binadamu mwaka 1943. Makala hiyo haina piramidi yoyote kama ile inayochorwa siku hizi kuonyesha ngazi hizo, na ndani yake Maslow mwenyewe anasema kwamba mpangilio wa mahitaji hayo si mgumu kama unavyoweza kudhaniwa. Edward Deci naye asifupishwe kuwa mtu anayepinga malipo: katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1971, wanafunzi waliolipwa kwa kutatua mafumbo walipungukiwa na hamu ya kuendelea nayo malipo yalipokoma, na hoja yake ilihusu kazi ambayo tayari inapendwa kwa ajili yake yenyewe.

Hatimaye, amua mapema wasifu uishie wapi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovyeti aliyechunguza ukuaji wa fikra za watoto, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37. Kitabu chake kuhusu fikra na lugha kilitoka mwaka huohuo, kazi zake zikazuiwa kwa miaka mingi katika Umoja wa Kisovyeti, na tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho haikutoka hadi mwaka 1962. Kwa mtu wa namna hiyo, kifo kinastahili kukaa katikati ya maelezo, na nusu ya pili ieleze nani walizihifadhi kazi zake, nani walizifasiri, na walimu walizitumiaje madarasani.