Somo: Kukata tawi nene la mwembe lililoegemea paa bila kuuchana mti

Wiki hii pekee nimeulizwa jambo hili mara tatu, na kila mara naandika yale yale kwa simu mpaka dole gumba linauma. Naliandika hapa mara moja, kwa kirefu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku. Mimi ni fundi wa miti Tanga. Kazi yangu kubwa ni miti ya majumbani: miembe, mikungu, miarobaini, mikrismasi, na mivinje ya kando ya bahari.

1. Tazama juu kabla ya kushika msumeno. Waya wa umeme ukiwa karibu na tawi, kazi imeishia hapo. Waite TANESCO.

2. Sikiliza kama kuna nyuki. Wakiwepo, mtafute mrina asali kwanza.

3. Amua kama tawi linastahili kukatwa. Wengi wanaoniita hawahitaji msumeno. Kama shida ni majani kwenye mfereji wa paa, safisha mfereji. Kama tawi linakwaruza bati, mara nyingi inatosha kulifupisha: fuata tawi mpaka kwenye panda, kata hapo, uache kitawi chenye unene usiopungua theluthi ya ule unaouondoa, kishike uongozi. Na kama tawi lina unene wa zaidi ya nusu ya shina, usiling'oe lote. Kidonda cha ukubwa huo mti hauwezi kukifunga kabla uozo haujaingia. Lifupishe, urudi tena mwaka ujao.

4. Chagua wakati. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo kata mara tu baada ya mavuno. Kwetu pwani hiyo ni Januari au Februari, kabla masika hayajashika. Ukingoja mpaka Juni, unakata maembe ya msimu unaokuja.

5. Vaa. Helmeti, miwani, glavu, buti, mikono mirefu. Utomvu wa mwembe unababua ngozi.

6. Punguza vitawi kwanza, ukianzia nje kuja ndani, tawi lipungue uzito.

7. Funga kamba. Watu hawajui uzito wa mti mbichi. Kipande cha mwembe chenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 3 kinakaribia kilo 200, na hapo hujahesabu majani. Kilo hizo zikidondoka mita nne, bati halizuii kitu. Funga kamba kwenye tawi, ipitishe kwenye panda imara iliyo juu yake, kisha izungushe mara tatu kwenye shina chini kabla msaidizi hajaishika. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mzigo, yeye anaachia polepole tu. Asijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Asisimame chini ya tawi.

8. Mikato mitatu. Hapa nitakaa, maana hapa niliharibu.

Mwaka 2012 niliitwa kukata tawi la mwembe dodo kwa bibi mmoja. Mti aliupanda marehemu mumewe. Niliweka msumeno juu ya tawi, karibu kabisa na shina, nikakata kushuka chini kwa mkato mmoja. Tawi halikusubiri nimalize. Mkato ulipofika kama theluthi mbili ya unene, liliinama kwa uzito wake, na gome la chini likachanika kushuka na shina, mlio wake kama khanga mpya inayopasuliwa. Ukanda mpana kama mkono wangu, kutoka usawa wa kichwa changu mpaka kiunoni. Mbao nyeupe, mbichi, inatoa maji. Bibi alisimama mlangoni, hakusema neno. Miaka mitatu baadaye nilirudi, nikabonyeza kidole kwenye ule ukanda, kikazama mpaka kifundo cha pili. Mti ukakatwa wote. Yule bibi nilimkosea, na ndiyo sababu naandika haya yote.

Basi fanya hivi. Mkato wa kwanza unatoka chini ya tawi, sentimita 40 hivi kutoka kwenye shina, uingie robo ya unene au theluthi. Ukisikia msumeno unaanza kubanwa, acha. Mkato wa pili unatoka juu, sentimita 5 mbele ya ule wa kwanza, upande wa nchani. Tawi litavunjika kati ya mikato hiyo miwili, na gome likichanika litaishia kwenye mkato wa chini, halitafika kwenye shina. Sasa umebaki na kipande kifupi kisicho na uzito.

Mkato wa tatu ndio unaoamua maisha ya mti. Tazama pale tawi linapotokea: chini yake kuna uvimbe kama ukosi wa shati, na juu gome limejikunja kwa mstari mweusi. Ukosi huo ni sehemu ya shina, na ndimo ilimo kinga ya mti dhidi ya uozo. Kata nje yake kidogo, ukifuata mteremko wake. Usikate sambamba na shina ili papendeze, umeuondoa ukosi. Usiache kigingi, kitaoza na kuupeleka uozo ndani.

Onyo kwa wenye chenso, yaani msumeno wa mashine: unapokata kutoka chini, mnyororo hukusukumia mashine mwilini, kwa hiyo ishike kwa mikono miwili na usimame imara. Usiitumie juu ya ngazi, wala juu ya usawa wa bega. Ncha ya baa, ule ubapa mrefu unaozungukwa na mnyororo, isiguse chochote, maana ikigusa huruka kuja usoni. Tawi la chini ya sentimita 10, tumia msumeno wa mkono.

9. Usipake kitu kwenye kidonda. Imetosha.

---

Mgeni wa Kigamboni: Fundi, kwa kifupi tu, tawi kubwa nakata wapi?

Fundi: Hatua ya 8.

Baba Wawili: Waya unapita katikati ya majani. Nikivaa ndala za mpira na panga lenye mpini wa mbao, si salama?

Fundi: Si salama. Mti mbichi una maji na unapitisha umeme, na mpini uliolowa jasho pia. Soma hatua ya 1, kisha piga simu.

Baba Wawili: Lakini wanachelewa kuja.

Fundi: Wasubiri. Na watoto wasicheze chini ya huo mti.

Dada wa Pangani: Shikamoo fundi. Hiyo ya 9 imenishangaza. Huku kwetu kila fundi anapaka oili chafu au rangi ya mafuta, wanasema inazuia wadudu. Kwa nini wewe unakataza?

Fundi: Marahaba dada, swali zuri. Mti hauponi kama ngozi yetu. Sisi kidonda kinajaa nyama mpya pale pale, mti unajenga ukuta ndani, unauzingira uozo, kisha unakua juu yake. Mmarekani mmoja, Alex Shigo wa idara yao ya misitu, alipasua maelfu ya miti kwa chenso akitazama vidonda kwa ndani, na hilo ndilo alilolionyesha. Rangi haikuzuia uozo. Huufungia unyevu ndani, na oili chafu inaua gome changa la ukingoni, lile lile unalolitegemea lifunike. Kipimo chako ni hiki: baada ya mwaka au miwili utaona gome jipya limeota kuzunguka kidonda. Likiwa pete kamili, ulikata vizuri. Likiwa limeota kushoto na kulia tu, juu na chini hamna kitu, uliukata ukosi.

Mzawa wa Muheza: Mnatutisha mpate wateja. Babu zetu walikata kwa panga na miti ikaishi.

Fundi: Mteja anayesoma somo hili hanihitaji, nimempa kazi yote bure. Na miti ya babu iliyokufa ilishakuwa kuni, huwezi kuiona leo ukaihesabu.

Mama Zuwena: Mimi nina mwarobaini mrefu. Fundi anataka kuukata kichwa chote ili usianguke. Nikubali?

Fundi: Usikubali, mama. Mwarobaini ukikatwa kichwa unatoa machipukizi kwa hasira, mengi na marefu, nayo yameshikilia gome la juu tu. Baada ya miaka michache una matawi mazito juu ya mbao inayooza, hatari kuliko ulipoanza. Mwambie apunguze ncha kwa hatua ya 3.

Kijana wa Korogwe: Fundi, chenso yangu inatoa unga badala ya vipande, na inavuta kulia.

Fundi: Mnyororo ni butu, na meno ya upande mmoja ni mafupi kuliko mwenzake. Noa kila jino kwa idadi ile ile ya mipigo, tupa iende mbele tu. Tazama namba ya mnyororo: wa 0.325 unataka tupa ya milimita 4.8. Na usiguse udongo, mara moja tu inatosha kuua makali.

Dada wa Pangani: Narudi tena, samahani. Mkungu wetu una tundu kubwa chini. Nitajuaje kama utaanguka?

Fundi: Tundu peke yake si hukumu, miti mingi iliyo na uwazi imesimama. Gonga shina kwa nyundo ya mbao pande zote, usikilize pale mlio unapobadilika kama ngoma. Mbao nzima iliyozunguka uwazi ikiwa nyembamba kuliko theluthi ya nusu-kipenyo cha shina, naanza kuhofu. Tafuta uyoga kwenye mizizi. Kisha tazama udongo upande ulio kinyume na mti unakoinamia. Kuna ufa?

Dada wa Pangani: Nimetoka kuangalia. Kuna ufa, vidole viwili vinaingia. Haukuwepo kabla ya mvua za juzi. Unainamia chumba cha watoto.

Fundi: Watoto walale upande mwingine kuanzia usiku huu. Mtu yeyote asiupande, wala asifunge kamba ya kuanikia. Nitumie picha ya ufa na rula ikiwa pembeni, na nyingine kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kesho sina kazi ya mbali, nakuja.