Somo: Kujenga maktaba ya fundi wa kubobina moteri

Hapa Lubumbashi moteri nyingi zinazoletwa kwangu kubobinwa, yaani kufungwa upya nyuzi za shaba ndani yake, zimetoka kwenye mulini za kusaga mahindi na pampu za visima. Umeme ukirudi na fazi moja pungufu kati ya zile tatu, bobini (uzi wa shaba uliozungushwa) inanuka kabla mwenye mulini hajafikia swichi. Fundi kijana anafungua, anakata, anapeleka shaba kwenye mizani, kisha jioni ananipigia: "Yaya (kaka mkubwa), hii ilikuwa na mizunguko mingapi ya uzi?" Nitajuaje, na shaba umekwisha kuiuza? Somo hili ni kwa ajili yake.

Kwanza, kaye, yaani daftari. Vitabu vitafuata. Nunua kaye yenye jalada gumu na uandike kwa penseli. Tinna ya vernisi (rangi ya kupaka bobini) ikimwagika, wino wa biki unayeyuka na ukurasa unabaki doa la buluu, penseli inakaa.

Pili, moteri moja ukurasa mmoja, kabla hujakata kitu. Nakili plaketi yote, kile kibao cha kiwanda: kilowati au CV (nguvu ya farasi, CV 1 ni wati 736), volti, ampea, hezi, mwendo kwa dakika. Pima statori, sehemu ya moteri isiyozunguka: kipenyo cha ndani, urefu wa chuma, idadi ya mifereji, ile tunayoita ankoshi. Chora bobini inaingia mfereji wa ngapi na kutokea wa ngapi, na imeungwa nyota au pembetatu.

Ukishakata upande mmoja, hesabu ncha za nyuzi. Hesabu bobini tatu, maana ya kwanza unaweza kuwa umekosea, na ya pili utailazimisha ifanane na ya kwanza. Unene wa uzi unapimwa kwa palmeri (mikromita) baada ya kuunguza enameli, ngozi nyembamba inayofunika shaba, kwa kiberiti na kuipangusa. Ukipima na enameli yake, umeandika namba isiyo ya shaba.

Tatu, andika bobini ni ya kiwanda au ilishabobinwa. Neno hili moja limenigharimu. Niliwahi kunakili moteri ya 10 CV kwa uangalifu wote, mizunguko ile ile, uzi ule ule. Ikaungua ndani ya wiki. Niliyemnakili hakuwa kiwanda, alikuwa fundi mwenzangu aliyepunguza mizunguko ili nyuzi ziingie mferejini kwa urahisi, nami nikayaingiza makosa yake kwenye kaye yangu kwa mwandiko mzuri. Siku hizi kila ukurasa una mstari wa mwisho: ampea za moteri ikizunguka bila mzigo. Moteri ya wastani ya mwendo wa 1500 hula takriban theluthi hadi nusu ya ampea za plaketi. Ikipita hapo sana, ukurasa huo naupiga msalaba.

Nne, rafu. Kitabu kimoja cha nadharia cha Kifaransa kinatosha, hata kile cha shule ya ufundi. Ongeza jedwali la nyuzi, jedwali la joto ambalo vizuizi vya umeme vinastahimili (daraja B ni digrii 130, F 155, H 180), na katalogi za viwanda, hata zile kuukuu za ACEC, kiwanda cha moteri cha Charleroi, Ubelgiji. Katalogi mara nyingi haisemi mizunguko, lakini inakupa ampea na vipimo vya kulinganisha na kaye.

Piga picha kila ukurasa kwa simu. Panya hawasomi, wanakula.

Maswali ya wanachama

*Papa fundi, nina moteri ya Marekani, volti 460, hezi 60, mwendo 1740. Niibobine upya kwa umeme wetu?*
Usiiguse, mwanangu. Volti 460 kwa hezi 60 ni sawasawa na 383 kwa hezi 50, kwa hiyo 380 yetu inaifaa. Mwendo utashuka hadi kama 1440 na nguvu itapungua kwa sehemu moja ya sita. Mwambie mwenye mali mapema.

*Uzi wa milimita 1 umekosekana dukani. Kuna 0.71 tu.*
Weka nyuzi mbili pamoja. Eneo la shaba ni karibu lile lile, na zinaingia mferejini kwa ulaini zaidi. Andika "2 × 0.71" kwenye kaye, usiandike 1.

*Yaya, imekuja haina plaketi na mwingine alishaitoa bobini yote.*
Hapo ndipo vipimo vya statori vinalipa. Tafuta kwenye kaye chuma chenye kipenyo, mifereji na mwendo ule ule. Urefu wa chuma ukizidi kwa robo, mizunguko gawanya kwa 1.25 na uzi uunenepeshe. Kisha ijaribu bila mzigo kabla ya kumwaga vernisi, bado unaweza kurudi nyuma.

*Mwenzangu anaomba kaye yangu kwa siku mbili. Nimpe?*
Yangu ya kwanza nilimwazima mtu kwa siku mbili mwaka 2014. Aje na penseli yake, akae kwenye benchi, anakili.