Kufungua huduma ya ushauri wa lishe nyumbani: kapu la sahani kabla ya kompyuta

Binti wa jirani yangu hapa Kisauni amemaliza digrii ya lishe, akaja kuniuliza mimi, mwanalishe mwenzake, aanzeje kupokea wateja nyumbani. Tulikaa barazani jioni mbili. Haya ndiyo niliyomwambia.

1. Leseni. Hapa Kenya kazi hii iko chini ya KNDI, taasisi inayosajili wanalishe, kwa sheria ya 2007. Bila usajili wao na leseni ambayo haijaisha muda, usitundike kibao wala usijiite mwanalishe kwenye WhatsApp. Kozi ya wiki mbili ya mtandaoni haihesabiki, hata cheti chake king'ae vipi.

2. Makaratasi. Jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kibali kwa kaunti, na till ya M-Pesa, yaani namba ya kupokelea malipo, ili pesa za wateja zisichanganyike na za sokoni. Basi.

3. Chumba. Sebule inatosha, mradi mlango ufungike. Hakuna atakayekiri kwamba anaficha biskuti chini ya mto huku mama mkwe wako anapita na ndoo. Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, kamwe si juu ya zulia.

4. Mahojiano ya kwanza. Hapa ndipo nilipohangaika. Chuoni tulifundishwa kumuuliza mtu alichokula katika saa 24 zilizopita. Nikiambiwa "sahani moja ya wali", naandika sahani moja. Mama mmoja mwenye kisukari alinijibu hivyo miezi mitatu. Sukari haishuki, nami nazidi kumpunguzia hiki na kile. Siku nilipomtembelea kwake ndipo nikaiona hiyo sahani: ya kina, ile ya kupakulia wageni, na wali umepanda kama kichuguu.

Tangu hapo nina kapu: sahani tatu za ukubwa tofauti, bakuli, kikombe cha chai, upawa, vijiko, na mchele mkavu wa kuigizia. Mteja anapakua mwenyewe, kisha napima kwa kikombe. Usimpakulie. Wala usigune, akishahisi anahukumiwa, anarudisha nusu kapuni na umeshampoteza.

Kwenye chai, usiulize "unatumia sukari?" Uliza vijiko vingapi, vikombe vingapi, na kama sukari inatiwa sufuriani, maana hapo mnywaji mwenyewe hajui. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Vitatu kwa kila kikombe, vikombe vitano kwa siku, ni gramu 60, ilhali kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000.

Mafuta hakuna anayeyajua kwa vijiko. Uliza lita moja hukaa siku ngapi. Lita ina kalori 8,000 na ushei. Watu watano wakiimaliza kwa siku nne, kila mmoja amekula kalori 400 kwa siku, tui bado hujalihesabu.

Ramadhani ikiingia, anza upya. Majibu ya Shaabani hayana habari na kaimati.

Programu za simu za kuhesabu kalori sizitaki. Mbaazi za nazi hazizitambui. Tumia majedwali ya vyakula vya Kenya yaliyotolewa 2018 na serikali pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.

5. Rekodi. Kabati lenye kufuli. Sheria ya data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo picha za "kabla na baada" zisionekane popote bila ridhaa ya maandishi.

6. Mpaka wako. Insulini, dawa za presha, figo: andika barua kwa daktari wa mteja. Dozi usiiguse, hata akikubembeleza.

7. Bei. Kikao cha kwanza kiwe ghali kuliko marudio, kwa sababu kapu pekee linakula saa nzima. Jamaa watataka bure. Shangazi yako msamehe pesa ukipenda, lakini naye apakue mbele yako.