Kubadilisha mtutu wa bunduki ya zamani ya vita: mambo ya kukagua kabla fundi hajashika spana

Wakuu, niseme kitu kimoja mapema maana ndo kiini cha yote haya: mtutu mpya hauponyi bunduki mbovu. Watu wanaona mtutu umeliwa na kutu, mistari ya ndani imeisha, wanafikiri wakifunga mpya bunduki ya mzee imezaliwa upya, kumbe kinachoshikilia mlipuko pale karibu na uso wako ni ile bodi ya chuma ambayo mtutu umefungwa ndani yake na bolti yake, yani kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, na hivyo vina miaka mia na zaidi.

Huku kwetu bunduki hizi zina historia. Reli ya Tanga ilikuwa inaishia Moshi, Wajerumani walikaa hapo mpaka Machi 1916 Waingereza walipoingia, kwa hiyo ukisikia Mauser ya Mjerumani au Lee-Enfield ya Mwingereza huku Kilimanjaro au Arusha usishangae. Lakini leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba. Kama mzee ametangulia mbele za haki na silaha bado iko darini, kituo cha polisi ndo kituo cha kwanza, sio kwa fundi. Siku hizi tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na haichezi na mtu anayetengeneza silaha kichochoroni. Na kabla ya kubadilisha mtutu waeleze polisi, coz namba iliyogongwa kwenye mtutu inaweza kuwa ndo iliyoandikwa kwenye karatasi zako.

Haya, ukishakuwa sawa kisheria, jua una bunduki gani. Hapa usikimbilie, kaa nayo.

Ile ya mwaka 1871 ya Mauser, milimita 11, ambayo kombania nyingi za askari wa Mjerumani bado walikuwa nayo vita ilipoanza 1914, ni bunduki ya baruti nyeusi. Bolti yake inafungwa na ubavu wa mkono wake tu, haina yale masikio mawili ya mbele, yani vinundu vya bolti vinavyojifunga ndani ya bodi. Usiiwekee mtutu wa risasi za kisasa hata fundi akikuapia kwa mbingu na ardhi, hiyo iache iwe kumbukumbu ya ukoo.

Alafu kuna Gewehr 88, bunduki nyingine ya Mjerumani, hii inawachanganya wengi. Risasi yake ya awali ilikuwa na kipenyo cha milimita 8.07 hivi, ile mpya yenye ncha iliyoingia miaka ya 1903 hadi 1905 ni milimita 8.2 hivi, na zote mbili watu wanaziita nane za Mauser! Ukisukuma ile nene kwenye mtutu wenye tundu jembamba presha inapanda vibaya sana. Hata Gewehr 98 za mwanzo kabisa zilitoka na tundu jembamba, kwa hiyo usiamini maandishi wala maneno ya jirani, fundi apitishe kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu mtupu akipime na maikromita. Kwa maoni yangu 98 ndo inayofaa zaidi kufungwa mtutu mpya kati ya hizi za Mjerumani, ina sikio la tatu la akiba na bolti ina matundu ya kutolea gesi ganda likipasuka.

Sasa ukaguzi wa bodi. Mwambie fundi avue kila kitu, asafishe oili yote, apake ile rangi ya kutafutia nyufa hasa kwenye pete ya mbele na kwenye masikio ya bolti. Aangalie pia pale masikio yanapokaa ndani ya bodi, kama pameingia shimo maana yake chuma kimesalimu amri. Na msikubali kabisa apasage ili pakae vizuri, chuma cha hizi Mauser za zamani kimekazwa ngozi ya juu tu, ndani ni laini, ukiondoa ile ngozi umeimaliza. Ukiona mtu analeta gesi ya kuchomelea ili mtutu wa zamani ulegee, chukua bunduki yako uondoke, moto unaua ule ukali wa chuma na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Mtutu unatolewa kwa oili ya kulegeza kutu, muda, jiliwa imara na spana iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi hiyo ili isijipinde.

Mtutu wa 98 una nyuzi za skrubu 12 kwa inchi, pembe digrii 55, na tako la mtutu linakaa kwenye pete iliyo ndani ya bodi. Akikukerezea za digrii 60 kwa sababu ndo kisu alichonacho, hazikai zikashibana.

Linalofuata ndo linaloumiza watu: hedispesi, yani nafasi kati ya uso wa bolti na pale risasi inapozuiliwa isiingie zaidi. Ikiwa ndogo bolti haifungi, ikiwa kubwa ganda linavutika mpaka linakatika na gesi ya moto inarudi nyuma. Kuna geji mbili, yani vipimo vya chuma vinavyowekwa mahali pa risasi, ya kwanza bolti lazima ifunge, ya pili lazima ikatae, na tofauti kati yao kwa risasi za aina hii ni kama milimita 0.1 hadi 0.15, kwa hiyo habari ya kupima kwa risasi moja uliyoikuta kwenye droo hapana. Kwa Lee-Enfield ya .303 ni tofauti kidogo, inapimwa kwenye ukingo wa ganda, inchi 0.064 hadi 0.074. Na fundi asibadilishe bolti na ya bunduki nyingine bila kupima upya hata kama zinafanana kama mapacha.

Risasi ya kwanza isipigwe begani. Ifungwe kwenye stendi, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, ivutwe kwa kamba ndefu na watu wote wawe nyuma ya ukuta. Baada ya hapo chukueni ganda mlitazame: ukiona mstari unaong'aa umezunguka karibu na kitako cha ganda, au kiwashio, kile kidude cha katikati ya kitako cha ganda, kimetokeza nje, au mkono wa bolti unanyanyuka kwa shida, simamisheni hapo hapo na mrudi kwenye geji, msiseme tujaribu moja tena.

Ule mtutu wa zamani usiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Una namba, una mihuri ya kiwanda, na bado ni sehemu ya silaha, kwa hiyo upake oili, ufunge lebo yenye namba ya bunduki yake na uwaulize polisi utunzwe wapi.