Umehamia Dar na hujui mtu? Tumia jioni za katikati ya wiki

Kama kila ukitoka job ni geto tu, sikia. Usisubiri wikiendi, wikiendi watu wanakuja na makundi yao. Alliance Française (kituo cha utamaduni cha Wafaransa) na Goethe-Institut (cha Wajerumani) pale Upanga, au Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kule Mikocheni, huwa wanaweka maonyesho ya picha, muvi, muziki, na mara nyingi kiingilio bure, we wafolo Instagram uone ratiba.

Sasa fika mapema, hii ndo siri yenyewe, maana kabla mambo hayajaanza watu wanasimamasimama tu hawana cha kufanya, hapo unamsogelea mtu anayeangalia picha unamwambia "mambo, hii we umeielewaje?" na stori inaanza, ila ukija shoo ishaanza kila mtu kageukia stejini. Simu mfukoni. Kaka zangu, msiombe namba dakika ya kwanza, mnawakera sana dada zetu, muulize tu kama wiki ijayo atakuja.

Halafu rudi palepale, sura ikizoeleka watakusalimia wenyewe. Nauli ya kurudi itenge kabisa, usiku daladala zinapungua.